Siri ya Duara la Matumbawe

Akili ya mwanadamu haistahimili kuona duara pasipo kuuliza ni nani aliyelichora. Tukiona duara la mawe porini, twasema hapa watu walipiga kambi wakawasha moto. Tukiona duara la majani yaliyoliwa malishoni, twasema hapa alifungwa mbuzi kambani. Ada hii ya kuuliza ni njema, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa elimu. Lakini ina hatari yake. Jibu la kwanza lijalo kichwani huwa tamu, na utamu wake huweza kumfanya mtu akome kutafuta. Historia ya miamba ya matumbawe yatufundisha jambo hili vizuri, maana kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walibishana juu ya duara moja lililo baharini, na ubishi wao ulikatwa na kekee iliyotoboa mwamba hadi chini kabisa.

Kwanza yafaa tujue tumbawe ni nini. Wengi hulidhani kuwa ni jiwe, na wengine hulidhani kuwa ni mmea. Kumbe ni mnyama. Ni kiumbe mdogo laini, mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na vidole vyembamba vya kukamatia chakula. Huvuta chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe kigumu cha kukalia. Wanyama hao huishi pamoja kwa maelfu na maelfu, na kila kizazi hujenga juu ya mifupa ya kizazi kilichotangulia, mpaka mifupa hiyo ikawa mwamba uwezao kupasua jahazi. Ndani ya mwili wa mnyama huyu mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa nguvu za jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake kama kodi ya nyumba. Kwa sababu hiyo matumbawe yajengayo miamba hayastawi penye giza. Hutaka maji ya joto, yenye chumvi, yasiyo na tope, na yasiyo na kina kirefu. Wavuvi wetu walijua jambo hili kabla ya kulisoma kitabuni. Mwamba wa pwani ya Kenya, unaofuata ufuko kutoka upande wa Malindi mpaka Shimoni, umekatika penye vinywa vya hori kama Kilifi, Mtwapa na Mombasa, na ndipo ilipo milango ya kupitia vyombo. Penye kinywa cha mto Sabaki, ambako maji mekundu ya bara huingia baharini na tope lake, mwamba hauna raha ya kukua.

Sasa tuitazame fumbo yenyewe. Mabaharia waliozunguka bahari za joto waliona kwamba miamba ya matumbawe ina maumbo matatu makubwa. Umbo la kwanza ni mwamba wa ufukoni, ambao umeshikana na nchi kavu au umeachana nayo kidogo tu. Huo ndio mwamba wetu. La pili ni mwamba wa kizuizi, uliosimama mbali na nchi kavu kama ukuta wa ua, na katikati yake na nchi pana maji yenye kina cha kutosha kupitisha meli. La tatu ndilo la ajabu zaidi, nalo huitwa atoli, neno lililotoka katika lugha ya watu wa visiwa vya Maldivi. Atoli ni duara la mwamba lililosimama peke yake katika bahari kuu. Ndani ya duara mna ziwa la maji ya chumvi yaliyotulia, na nje mna mawimbi na kina kisicho na mwisho. Kisiwa cha kulizungukia hakipo. Ni kama pete isiyo na kidole.

Ugumu wa fumbo ulikuwa huu. Nje kidogo ya atoli, kamba ya kupimia kina huteremshwa futi elfu kadhaa bila ya kugusa chini. Na matumbawe hayawezi kuanza ujenzi katika giza la vilindi hivyo. Basi msingi wa jengo hili uliwekwa na nani, na uliwekwa juu ya nini?

Jibu la kwanza lililopata wafuasi wengi lilikuwa rahisi. Charles Lyell, bingwa wa Uingereza wa elimu ya miamba ya dunia, aliandika katika mwaka wa 1832 kwamba atoli zimejengwa juu ya midomo ya volkano zilizozama. Mdomo wa volkano ni duara. Atoli ni duara. Basi moja limejengwa juu ya jingine. Jibu hili lilipendeza kwa sababu lilifananisha umbo na umbo. Lakini lilitaka mambo mawili yasiyosadikika kwa urahisi. Lilitaka bahari iwe na maelfu ya volkano zilizokoma kukua karibu na uso wa maji, zote zikiwa zimelingana kwa kimo. Tena lilitaka volkano zenye midomo mikubwa kupita kiasi, kwa kuwa katika Maldivi ipo atoli yenye urefu upatao kilometa 80 na upana wa kilometa 60. Nani amepata kuona mdomo wa mlima wenye ukubwa wa wilaya?

Jibu la pili lilitoka kwa kijana aliyekuwa akisafiri baharini na kitabu cha Lyell mkononi. Charles Darwin alikuwa na umri wa miaka 22 alipoondoka Uingereza mwezi wa Desemba 1831 katika merikebu Beagle, chini ya Nahodha Robert FitzRoy. Tarehe 20 Februari 1835, walipokuwa katika pwani ya Chile, tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji wa Concepción. Baada ya tetemeko FitzRoy alipima ufuko, akakuta nchi imeinuka kwa futi kadhaa, na makombe yaliyozoea kuishi majini yamekufa juu ya mwamba mkavu. Darwin akafikiri hivi: ikiwa nchi yaweza kupanda pole pole mahali pamoja, basi mahali pengine chini ya bahari yaweza kushuka pole pole. Na ikiwa kisiwa kilichozungukwa na matumbawe kitazama taratibu, je, matumbawe yatafanya nini?

Fikira yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Chukua kisiwa cha volkano kilichotulia katika bahari ya joto. Matumbawe yatashika kando zake, na huo utakuwa mwamba wa ufukoni. Kisiwa kikianza kuzama, matumbawe hayatazama pamoja nacho. Yatajenga kwenda juu, yakiutafuta mwanga. Yale ya ukingo wa nje, yanayopigwa na maji safi yaletayo chakula, yatakua vizuri zaidi kuliko yale ya ndani yanayopata maji yaliyotuama na mchanga. Kwa hiyo kisiwa kitapungua ilhali mwamba umesimama pale pale, na nafasi kati yao itapanuka: huo ni mwamba wa kizuizi. Mwisho kilele cha kisiwa kitatoweka majini, na duara litabaki kuzunguka mahali kilipokuwa. Hiyo ni atoli. Basi maumbo matatu si aina tatu za mwamba. Ni umri wa mwamba mmoja: utoto, utu uzima na uzee.

Darwin mwenyewe alikiri kwamba aliibuni nadharia hii akiwa katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, kabla hajauona kwa macho yake mwamba wa kweli wa matumbawe. Mwezi wa Novemba mwaka ule alipanda milima ya Tahiti, akakiona kisiwa jirani cha Moorea kimezungukwa na maji matulivu na ukanda wa mwamba, mfano wa picha iliyotiwa katika fremu. Mwezi wa Aprili 1836 Beagle ilitia nanga katika visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi. Hapo FitzRoy alitupa bildi mara nyingi, chini yake imepakwa shahamu ili ichukue alama ya kitu itakachogusa. Penye maji machache shahamu ilirudi na alama safi za matumbawe hai; kadiri kina kilivyozidi, alama zilipungua na mchanga ukaongezeka. Maili moja na kitu kutoka penye mawimbi, kamba ya futi 7,200 haikugusa chini. Darwin akapata uhakika kwamba duara lile ni kilele cha mlima mrefu. Mwaka wa 1837 aliwasomea wanajiolojia wa London maelezo yake, na mwaka wa 1842 alitoa kitabu kizima juu ya miamba ya matumbawe. Lyell, ambaye jibu lake ndilo lililobatilishwa, aliiacha nadharia yake mwenyewe bila kinyongo. Jambo hilo ni adimu, nalo lastahili kukumbukwa.

Beagle haikufika katika pwani yetu, lakini pwani yetu ilifika katika kitabu cha Darwin. Alikusanya ramani na habari za mabaharia wa kila bahari, zikiwamo za Nahodha William Owen, ambaye manowari zake zilipima pwani ya Afrika ya Mashariki miaka michache kabla yake. Huyo ndiye Owen aliyepandisha bendera ya Waingereza Mombasa mwaka wa 1824. Katika ramani yake kubwa Darwin alipaka atoli na miamba ya kizuizi rangi ya buluu, na miamba ya ufukoni rangi nyekundu. Pwani yetu imepakwa nyekundu. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa dalili kwamba nchi hapa haikuwa ikizama.

Mwenye kutaka kuziona enzi za mwamba kwa mpango wa Darwin hana haja ya kwenda mbali. Katika visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yake ni ndugu wa Kiswahili, Ngazidja ndicho kisiwa kichanga. Mlima wake Karthala ungali unatoa moto, na miamba yake ni kidogo, imeshikana na ufuko. Maore ndicho kikongwe cha visiwa vile vinne. Milima yake imelika, pwani yake imekatwakatwa na ghuba, na mwamba wa kizuizi umekizunguka kwa mbali, ukifungia ziwa la bahari lenye eneo la zaidi ya kilometa 1,000 za mraba. Mtu akitazama toka Ngazidja mpaka Maore ni kana kwamba anatazama picha za mtu mmoja za ujana na za uzee.

Hata hivyo mfano mzuri si ushahidi kamili, na wapinzani wa Darwin hawakuwa watu wa mzaha. John Murray, aliyesafiri katika meli Challenger toka mwaka wa 1872 hata 1876, aliona jinsi magamba ya viumbe wadogo wa bahari yanavyonyesha chini ya bahari kama mvua isiyokoma. Katika mwaka wa 1880 alisema kwamba hakuna haja ya nchi kuzama. Magamba yale, alisema, huweza kukiinua kilima cha chini ya maji mpaka kifike penye mwanga. Matumbawe yakishika juu yake hukua kwa nje, na yale ya katikati hufa na kuyeyuka, likabaki duara. Alexander Agassiz wa Marekani, aliyetajirika kwa migodi ya shaba, alitumia mali yake na miaka yake mingi kuzunguka miamba ya Australia, Fiji, Pasifiki na Maldivi akitafuta ukweli wa jambo hili. Aliona miamba mingi kuliko Darwin mara nyingi, na kila alikokwenda aliona sababu za kumpinga. Alikufa mwaka wa 1910 kabla ya kukiandika kitabu kikubwa kilichokuwa kikingojewa juu ya habari hiyo. Bidii yake yatufundisha kwamba kuona mengi si sawasawa na kuona chini.

Darwin alijua ni nini kitakachoamua. Mwaka wa 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alimwandikia Agassiz kwamba laiti tajiri mmoja angegharimia kutoboa atoli na kuleta vipande vya mwamba kutoka futi 500 au 600 chini. Hoja ni wazi. Matumbawe yakikutwa kina kirefu kuliko yawezavyo kuishi, basi msingi umezama. Na chini ya yote pakikutwa mwamba wa volkano, basi mlima wa Darwin umepatikana.

Royal Society ya London ilijaribu katika atoli ya Funafuti, ambayo leo ni makao makuu ya nchi ya Tuvalu. Mwaka wa 1896 kekee ilikwama katika mchanga na vifusi. Mwaka wa 1897 kundi la pili likaenda, chini ya Profesa Edgeworth David wa Sydney, likashuka mbali zaidi. Mwaka wa 1898 shimo likafika futi 1,114. Toka juu hata chini kekee ilitoa mawe ya chokaa yenye mabaki ya matumbawe na viumbe vingine vya baharini, lakini mwamba wa volkano haukuonekana. Wafuasi wa Darwin wakashangilia. Wapinzani wakasema kekee imetoboa vifusi tu vilivyoporomoka kando ya mlima. Kila upande ukarudi nyumbani na ushindi wake, na fumbo likabaki.

Jawabu lilipatikana mwaka wa 1952, katika hali ya kusikitisha. Atoli ya Eniwetok katika visiwa vya Marshall ilikuwa imechukuliwa na Marekani kuwa mahali pa kujaribia mabomu ya nyuklia, na wenyeji wake walikuwa wamehamishwa mwaka wa 1947. Wanajiolojia walioletwa kuchunguza atoli hiyo walitoboa mashimo mawili marefu. Moja lilipita zaidi ya mita 1,200 za chokaa, na jingine lilipita karibu mita 1,400, na chini ya chokaa yote kekee ikagonga basalti, jiwe jeusi la volkano. Chokaa ya chini kabisa ilikuwa ya matumbawe na viumbe vingine vya maji machache, vilivyoishi zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Darwin alikuwa amesema kweli: mlima umezama, na wanyama wadogo wamejenga juu yake kwa muda wote ule, wakikimbizana na bahari. Tangu siku za kitabu chake ilikuwa imepita miaka 110. Na tarehe 1 Novemba mwaka huohuo bomu la haidrojeni lililipuliwa katika atoli hiyohiyo. Kisiwa kidogo cha Elugelab kilitoweka, na mahali pake pakabaki shimo la mviringo lenye upana wa zaidi ya maili moja. Lilikuwa duara jingine katika atoli ile, na sababu yake ilikuwa nyingine kabisa. Wenyeji waliruhusiwa kurudi mwaka wa 1980.

Nadharia ya Darwin ilithibitika, lakini haikutosha peke yake. Reginald Daly, mwanajiolojia mzaliwa wa Kanada, alieleza kuanzia mwaka wa 1910 kwamba katika enzi za barafu maji mengi ya dunia yaligandishwa katika nchi za baridi, na bahari ikashuka. Leo twajua kwamba miaka ipatayo 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kadiri ya mita 120. Miamba yote tuionayo leo ikiwa hai, wakati ule mahali pake palikuwa vilima vikavu vya chokaa, vikinyeshewa na mvua. Maji ya mvua huyeyusha chokaa, na huitoboa zaidi katikati, ambako hutuama, kuliko kandoni. Bahari iliporudi, matumbawe yalipanda juu ya magofu hayo na kuyavika upya. Basi ziwa la atoli lina baba wawili, mlima uliozama na mvua iliyochimba, na wataalamu wangali wanapima ni sehemu gani ya kila mmoja. Nasi twauona upande wa pili wa kupanda na kushuka huko kila siku. Mawe ya chokaa ambayo juu yake ilijengwa Ngome ya Yesu, kuanzia mwaka wa 1593, ni mwamba wa kale wa matumbawe uliokua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa.

Hayo ndiyo habari ya duara kubwa. Lakini baharini yamo maduara mengine madogo, na hapo ndipo somo letu linapokamilika. Katika maji machache nyuma ya mwamba twaweza kukuta tumbawe moja la mviringo lililo bapa kama meza, juu limekufa na kandoni lingali hai. Mwenye haraka atasema kwamba hii ni atoli changa. Sivyo. Tumbawe hilo lilikua kwenda juu mpaka likafika kiwango cha maji ya kupwa ya bamvua. Kichwa chake kikaachwa wazi juani kikafa, nazo kando zake zikaendelea kukua kwenda nje. Hakuna mlima uliozama hapo; ni bahari tu iliyoweka dari. Matumbawe ya namna hii huishi miaka mingi, nayo huandika katika mwili wake mahali dari hiyo ilipokuwa kila mwaka, hata wataalamu wameyatumia kusoma historia ya kupanda na kushuka kwa nchi kwa sababu ya matetemeko katika pwani ya Sumatra.

Yako pia maduara yaonekanayo kutoka angani: vipande vya mwamba vilivyosimama katika shamba la majani ya bahari, na kila kimoja kimezungukwa na ukanda mweupe wa mchanga mtupu wenye upana wa mita chache. Nani amefyeka ukanda ule? Mtu angeweza kudhani kuwa ni mawimbi au sumu ya matumbawe. John Randall, mchunguzi wa samaki, alijenga mwamba wa kubuni kwa matofali ya saruji katika visiwa vya Virgin vya bahari ya Karibi, na katika mwaka wa 1965 akaeleza yaliyotokea: ukanda mtupu ulifanyika kuzunguka matofali yale. Saruji haina uhai wala sumu ya tumbawe. Waliofyeka ni samaki walao majani, kama pono. Hujificha mwambani kwa hofu ya adui, hutoka kidogo kula, na hawathubutu kwenda mbali. Basi mpaka wa ukanda ni mpaka wa hofu yao. Mwaka wa 1973 wachunguzi wengine wa Karibi walionyesha kwamba wanyama weusi wenye miiba mirefu, nungu wa baharini, hufanya kazi hiyohiyo usiku. Walipowaondoa katika kipande kimoja cha mwamba, majani yaliota tena na ukanda ukafutika. Mbuzi wetu wa kambani amerudi. Safari hii kamba yake ni woga.

Tazama basi: duara la kilometa nyingi limetokana na mlima uliozama na mvua, duara la mita chache limetokana na kupwa kwa maji, na duara la mchanga limetokana na hofu ya samaki. Umbo ni moja, sababu ni mbalimbali. Kosa la jibu la kwanza, lile la midomo ya volkano, lilikuwa kudhani kwamba vitu vifananavyo kwa sura lazima vifanane kwa asili. Na hata leo ubishi wa namna hii haujesha. Katika atoli ya Mataiva ya Polynesia ziwa la ndani limegawanyika vidimbwi vipatavyo 70, kama nyavu iliyotandazwa chini ya maji. Baadhi ya wataalamu, wakifuata hoja aliyoieleza Edward Purdy mwaka wa 1974, husema nyavu kama hizo ni alama ya chokaa ya kale iliyochimbwa na mvua. Wengine hukumbuka hesabu aliyoitoa Mwingereza Alan Turing katika mwaka wa 1952, mwaka uleule wa kekee ya Eniwetok. Turing alionyesha kwamba mapambo yenye mpango huweza kuzuka yenyewe, pasipo mchoraji, ikiwa kitu husaidia ukuaji karibu nacho na kuuzuia kwa mbali. Huenda matumbawe nayo husaidiana kwa karibu na kunyimana maji safi na chakula kwa mbali. Atakayewaamua ni yule atakayetoboa na kupima.

Kuijua sababu ya kweli si anasa ya wanachuoni. Mwaka wa 1983 ugonjwa ulianza kuua nungu wa baharini wa Karibi, na katika muda usiozidi miaka miwili zaidi ya asilimia 90 yao walikufa. Huko Jamaica, ambako samaki walao mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, hapakubaki wa kufyeka. Mwani ukayafunika matumbawe. Katika pwani ya Kenya tumeona kinyume chake. Palipovuliwa sana samaki kama kikande, ambao huwala nungu hao, nungu wameongezeka kupita kiasi, na meno yao hutafuna mwamba wenyewe. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, samaki ni wengi na nungu ni wachache. Mnyama yuleyule ni mlinzi huku na mharibifu kule. Asiyejua sababu ataagiza dawa ya Jamaica iletwe Kenya, na mwamba utaangamia kwa dawa.

Nalo duara kubwa lina neno la kutuambia. Atoli haikusalimika kwa ugumu wa mawe yake, bali kwa uhai wa wajenzi wake. Kwa mamilioni ya miaka mlima ulipozama hatua moja, matumbawe yalipanda hatua moja. Mwaka wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yalitoa mimea iliyo ndani yake yakageuka meupe, na mengi ya Kenya na ya Maldivi yakafa. Sasa bahari yenyewe inapanda kwa sababu ya kuongezeka kwa joto la dunia, na watu wa Funafuti na wa Maldivi wanaishi juu ya duara ambalo kimo chake hutegemea kiumbe mdogo kuliko punje ya mtama. Mwamba wetu pia ndio unaovunja mawimbi ya kusi kabla hayajafika ufukoni. Mjenzi akiwa hai, ukuta wake huweza kukimbizana na bahari kama ulivyofanya zamani. Mjenzi akifa, hubaki jiwe tu, na jiwe halikui.